Kila Sentensi Ina Mama Yake

Kwanza kateni kucha. Mengine mtafundishwa darasani na cheti mtapewa, lakini ngozi ya mzee ni nyepesi kama ganda la kitunguu, na ukiichana kwa ukucha wako itakaa wiki nyingi haijapona. Halafu pasheni moto kitambaa cha kuogeshea kabla hakijamgusa mtu. Halafu semeni mnachotaka kufanya kabla ya kukifanya: "Mzee, sasa nainua mkono wako." Hata kama hasikii. Hata kama ninyi mnadhani hasikii.

Naandika haya nikiwa Buffalo, mtaa wa Riverside, katika nyumba ya binti yangu Furaha. Magoti yangu yalistaafu kabla yangu, nami nikayafuata. Najua vijana wengi wa kanisa letu kule Lower West Side mnaingia kazi hii ya kutunza wazee, na wengine mnakimbilia maghala kwa sababu sanduku halijisaidii kitandani wala halikuiti kwa jina la marehemu mume wake. Siwalaumu. Ila sanduku nalo halijawahi kumshukuru mtu. Mimi kazi hii imenipa vitu ambavyo sikuja navyo, na kimoja nataka kuwasimulia, mradi mniache nifike huko kwa mwendo wangu, mwendo wa mtu aliyechunga ng'ombe.

Nilianzia Louisville, kwenye makao ya wazee ambayo siyataji. Wiki ya kwanza tu nikashtakiwa. Wazee walisema mtu mpya ana kiburi, hamtazami mtu usoni, hasemi mpaka asemeshwe, na ukimpa kikombe anakipokea kwa mikono miwili kama amepewa bomu. Wanangu, nilikuwa nawaheshimu! Sisi tuliolelewa kwenye milima ya Kivu ya Kusini hatumkodolei mzee macho, wala hatupokei kitu chake kwa mkono mmoja. Nilikuwa nawapa heshima yote niliyofundishwa na mama yangu, na wao wanaona nimenuna.

Aliyeniokoa ni Bi Loretta, mama Mweusi wa palepale Louisville, aliyeifanya kazi hiyo tangu ujana wake na aliyetembea kwenye korido kama mwenye jengo. Alinivuta pembeni. "Musa," akasema, "hapa kumheshimu mtu ni kumtazama machoni. Hawa wazee hakuna anayewatazama. Watoto wao wakija wanatazama saa." Nikaanza kujifunza kutazama. Haikuwa rahisi, macho yalikuwa yanateleza yenyewe kwenda sakafuni, na kuna bibi mmoja aliyekuwa akinishika kidevu na kukiinua kama anayenikagua meno.

Bi Loretta ndiye aliyenifundisha kuvisha mkono dhaifu kwanza na kuuvua mwisho, kumfunika mtu taulo mwili mzima isipokuwa mahali unapopaosha, na kumsimamisha kwa mkanda wa kiunoni badala ya kumvuta makwapa. Mgongo wangu haukuvunjika kwa sababu yake, namshukuru kila ninapoinama kufunga viatu. Kitu kimoja tu alishindwa kunifundisha, nacho ni kumwaga maziwa. Kila baada ya mlo trei zilirudi na paketi za maziwa zilizofunguliwa zikaachwa nusu, na kanuni ya pale ilikuwa kuyamwaga kwenye sinki. Kwetu kumwaga maziwa ni kumtukana ng'ombe, na ng'ombe hasahau. Nilikuwa nazipanga zile paketi pembeni na kuzunguka nazo kama mtu aliyefiwa, mpaka Bi Loretta akazoea kuniambia, "Nenda katandike vitanda, Musa. Maziwa nitayazika mimi."

Baadaye ndugu za mke wangu walituita Columbus. Tukapanga apatimenti Northland, karibu na Morse Road, mahali ambapo Mama Furaha angeweza kununua sombe, yale majani ya muhogo, na unga wa fufu bila kumwomba mtu lifti. Kampuni ya kutunza wagonjwa majumbani ikanituma kwa mzee mmoja, shemasi wa kanisa lake, ambaye hapa nitamwita Dikoni Clarence. Si jina lake, na bintiye ameniruhusu kusimulia. Nanyi fanyeni hivyo hivyo, mambo ya chumbani kwa mtu hayatoki nje bila ruhusa.

Dikoni alikuwa dereva mstaafu wa mabasi ya shule, mjane, mrefu wa kuinamia milango, na alikuwa amevunjika nyonga. Alinipima kwa macho kuanzia kiatu, safari haikuwa ndefu. "Wewe ndiye utakayenishika nikianguka?" Nikamwambia, "Mzee, mimi nimeshika mafahali." Akasema tutaona.

Siku za mwanzo nilimkalisha kwenye kiti cha bafuni, nikapima maji kwa mkono, nikamwambia sasa namwagia mgongo, nikamwagia. Ghafla mzee akanguruma. Ilikuwa sauti ya mtu anayehutubia uwanja mzima, na Kiingereza changu siku hizo kilikuwa bado kinachechemea. Nilichodaka ni maji, na haki, na maji tena. Nikajua nimemchoma, na sasa anadai haki yake. Nikafunga bomba, nikamviringishia taulo, nikaomba msamaha kwa lugha zote nilizo nazo. Dikoni akanitazama, povu limejaa masikioni, halafu akacheka mpaka ikabidi nimshike asidondoke kitini.

Kumbe alikuwa anafanya mazoezi. Kila mwezi wa Januari, kanisani kwake, yeye ndiye aliyesimama na kuitoa kwa kichwa ile hotuba maarufu ya mhubiri Mweusi aliyesimama katika mji mkuu, mbele ya sanamu ya rais aliyetangaza mwisho wa utumwa, akaidai nchi itimize ilichowaahidi watu wake wote. Clarence aliisikia akiwa kijana, kwenye redio ya jirani, akaishika kipande kwa kipande, na kwa miaka mingi kanisa lake halikumtafuta mtu mwingine. Mazoezi aliyafanyia bafuni kwa sababu bafuni kila mtu ana sauti ya nabii.

"Na hayo ya haki kutelemka kama maji si yake mhubiri," akaniambia. "Ameyatoa kwa nabii Amosi."

"Amosi yule mchunga mifugo?"

"Unamjua?"

Kumjua! Kwetu milimani, katika shule ya Jumapili, Amosi alikuwa mtu wetu. Wengine walikuwa wafalme na makuhani, huyu alinuka zizi kama sisi. Nikamwambia, "Basi hiyo sentensi, mama yake ni Amosi." Dikoni hakuelewa, ikabidi nimweleze.

Baba yangu hakuwahi kuhesabu ng'ombe wake. Kuhesabu mifugo ni kuita mkosi. Jioni walipoingia zizini aliwataja kwa mama zao: huyu ni binti wa yule mwenye baka, naye yule alizaliwa na yule tuliyepewa na mjomba siku ya harusi, na kuendelea hivyo hadi wa mwisho. Kama mmoja hakurudi, ukoo ulikuwa na pengo, na pengo hilo baba alilisikia mdomoni kama jino lililong'oka. Ng'ombe usiyemjua mama yake, baba alisema, hujamjua bado, hata kama unamkamua kila siku.

Maji yalikuwa yanamdondoka Dikoni kidevuni. Halafu akasema, "Ng'ombe wenu wana ukoo mrefu kuliko wangu."

Akanieleza. Alimjua mama yake. Alimjua bibi yake. Mama wa bibi yake alimjua kwa jina tu. Nyuma ya hapo hakuna jina, kwa sababu nyuma ya hapo ni watu waliouzwa, na aliyewauza hakuona haja ya kuuliza mama zao ni nani. "Ndiyo maana naipenda ile hotuba," akasema. "Ile ina mama."  Nilipasha kitambaa upya, nikamwosha mgongo taratibu kuliko siku zote.

Tangu hapo kila siku ya kuoga alinitupia sentensi, nami niliuliza, "Mama yake ni nani?" Msidhani kazi ilisimama. Ukimwongelesha mzee vizuri unaweza kumwosha hadi katikati ya vidole bila yeye kukumbuka kuona haya, na hiyo pia ni siri ya kazi. Ile sentensi ya kufungulia, inayohesabu miaka kwa makumi mawili mawili kurudi hadi tangazo la kukomesha utumwa, mama yake ni hotuba ya rais yuleyule ambaye sanamu yake ilikuwa nyuma ya mhubiri. Rais huyo, akiwa kwenye makaburi ya vita, alihesabu makumi hayohayo kurudi hadi siku nchi ilipozaliwa. "Na yeye aliyatoa wapi?" nikauliza, maana kwetu hatuishii kwa mama. Dikoni akakuna kidevu. Akasema kwenye Maandiko, pale yanapopimwa maisha ya mwanadamu. Nikamwambia, "Basi hapo tuna mtoto, mama na bibi." Alifurahi kama mtu aliyepewa ng'ombe mwenye mimba.

Tangazo la uhuru wa nchi, lile lisemalo watu wote wameumbwa sawa, alilitaja kwa uso uliokunjana. Aliyeliandika alikuwa na watumwa shambani kwake. "Mama huyu alikuwa na maziwa," Dikoni akasema, "lakini sisi alitupiga teke." Nikamwambia kwetu ng'ombe wa mateke hafukuzwi, anafungwa miguu ya nyuma na anakamuliwa. Mzee akajipiga kofi pajani, maji yakaniruka usoni. "Ndicho alichofanya mhubiri! Alimfunga miguu mbele ya watu wote, akamkamua!"

Kuna mahali mhubiri anataja majira ya joto yenye manung'uniko, na mama yake akatokea kuwa Mwingereza mmoja wa kale, mtunzi wa michezo ya kuigiza. Nikauliza huyo ameingiaje katika zizi la manabii. "Fahali wa jirani," Dikoni akajibu bila kufikiri. "Aliruka ua."

Tuligombana mara moja tu, juu ya nabii Isaya. Mabonde yainuliwe, hilo nilikubali, lakini milima ishushwe kwa nini? Milima ndiyo iliyotulisha, na siku wenye bunduki walipokuja milima ndiyo iliyotuficha. Nikamwambia Dikoni, "Mwambie Isaya ashushe ya kwao." Yeye akashikilia kwamba inatengenezwa barabara, ili kila mtu apite, hata mwenye nyonga mbovu. Hilo la nyonga lilinimaliza nguvu. Tukapatana kwamba barabara ipite lakini malisho yabaki.

Majani yalipoanza kudondoka, kiharusi kikampiga. Alirudi kutoka hospitali mkono wa kulia unaning'inia, mdomo umevutwa upande, na ile sauti yote imekwenda. Akili haikwenda. Hilo mlishike sana: aliyenyang'anywa maneno hakunyang'anywa masikio, na ukianza kumsema mbele yake kwa nafsi ya tatu, kama vile ni kabati, unamuua mara ya pili. Alielewa kila kitu. Kutoa ndiyo ilikuwa kazi: nusu ya neno, mara chache neno zima, sentensi hapana.

Maji matupu yalikuwa yanampalia. Kila cha kunywa kilitakiwa kiwe kizito, na ule unga wa kuvifanya vinywaji viwe vizito aliuchukia. Nikamuuliza nesi kama maziwa ya mgando yanafaa, akaja akayaangalia, akakoroga, akasema yanafaa. Muulizeni nesi kwanza, sikuzote. Mama Furaha akawa anayagandisha nyumbani, mimi napanda nayo basi la Morse Road nimeyakumbatia kama mtoto. Dikoni aliyanywa, kidevu chini, kidogo kidogo. Ikawa mara ya kwanza katika nchi hii kuona maziwa hayabaki.

Binti yake Denise alikuja kila jioni akitoka kazini, mwanamke mwenye upendo mwingi na muda mchache. Siku moja akamshika baba yake mkono, akamwambia kwa upole kwamba asiwe na wasiwasi na Januari, kanisa limeshampata mtu mwingine wa kuitoa hotuba. Alidhani anamtua mzigo. Dikoni akageuza uso ukutani.

Kesho yake hakula. Wala siku iliyofuata. Kijiko kikigusa mdomo, anaufunga. Maziwa ya mgando, hapana. Nesi akatuambia wazi kwamba ikiendelea hivyo atarudishwa hospitali awekewe mpira wa kulishia tumboni, na kwa hali yake huenda asitoke tena. Nilijaribu yote niliyofundishwa na Bi Loretta. Nilimtazama machoni mpaka yeye akayafumba.

Nikafika nyumbani nimekata tamaa. Mama Furaha alikuwa jikoni anatwanga sombe.

"Donc, ile muzee anakataa kula juu ya hotuba?" akaniuliza kwa Kiswahili chetu cha Kivu, kilichochanganyika na Kifaransa.

"Njo vile."

"Na weye uko namukimbiza na kijiko."

"Sasa nifanye nini?"

Akaacha mchi. "Baba Furaha, weye ulichungaka ngombe ao ulikuwa unatudanganya? Ndama akipotea mu pori, unamukimbiza? Unaenda kuleta mama yake, unamuacha analia. Ndama atakuja yeye peke. Bon, kula, chakula iko inapoa."

Nilikaa na kile chakula mbele yangu kama mjinga. Miaka yote hiyo mimi ndiye niliyejiona mchungaji wa nyumba ile.

Asubuhi niliacha kijiko mezani. Nikaketi upande anaoona vizuri. Nikasema, "Dikoni, ile sentensi ya maji. Ndama simtaki, mwache huko aliko. Niambie tu mama yake ni nani." Akanitazama kwa muda mrefu. Midomo ikaanza kutafuta. Ikatoka "A", ikapotea, ikatoka tena. Nami nikanyamaza, na kunyamaza huko ndiyo kazi ngumu kuliko zote, maana neno unalo mdomoni na unatamani kumsaidia. Msimsaidie. Hatimaye likaja zima: "Amosi."

Nililia, sioni haya kusema. Naye alikuwa analia kwa jicho moja. Nikauliza, "Na ile ya milima, ambayo mimi siipendi?" Akatoa kicheko cha upande mmoja. "Isaya." Kisha akafungua mdomo. Sikujua kama anatafuta neno lingine au anataka kula. Nikampa kijiko, akakipokea.

Mtaalamu wa kufundisha watu kusema upya alipokuja, akasikia tunavyofanya, akasema tusiache, neno moja moja ndiyo mlango wake. Wiki zikapita, tukawaita mama wote. Sentensi zenyewe hazikurudi. Nilisubiri, siwadanganyi, hazikurudi. Lakini mama walikuja, na Dikoni alikula, na Desemba ilipoisha akawa anapiga mkono wa kiti kwa mkono wake mzima kila Denise alipotaja kanisa. Alitaka kwenda. Alitaka kusimama.

Denise alinifuata mlangoni. "Musa, watamhurumia. Baba yangu hajawahi kuhurumiwa na mtu. Watamkumbuka hivyo." Nilimwambia ukweli, kwamba sijui itakuwaje. Kazi yetu haituruhusu kuahidi. Nilimwambia pia kwamba mzee amekwisha kuamua, na sisi wawili kazi yetu ni kumvalisha suti. Akafikiri, akaenda kuleta pasi.

Jumapili hiyo ya Januari nilikuwa likizo, nikaenda kama mtu wake. Mama Furaha akavaa kitenge chake cha harusi, naye akaja. Aliyekuwa amechaguliwa kutoa hotuba akampisha mzee kwa heshima. Nilimsimamisha kama nilivyofundishwa: mkanda chini ya koti, mimi nyuma kidogo, upande wa mkono uliokufa. Ilikuwa safari fupi hadi mbele, lakini nilijua kila mtu anatazama mguu ule unaoburuta.

Dikoni akashika meza kwa mkono mzima. Akalitaja jina la rais yule wa kwenye sanamu. 

Watu wakangoja sentensi. Haikuja. Nilisikia bomba la joto likigonga ukutani.  Denise, benchi la mbele, akainamisha uso. Nikajisemea moyoni, nimemleta mzee wa watu kuaibika.

Akalitaja tena lile jina, kwa nguvu zaidi.

Ndipo kutoka mabenchi ya nyuma sauti ya bibi mmoja ikaitoa sentensi ya kufungulia, nzima, na makumi yake yote ya miaka. Dikoni akageuka kuelekea kule, akainua kidole: ndiyo! Akataja Tangazo. Safari hii nusu ya kanisa ilijibu, ndama kamili, wameumbwa sawa wote. Akasema, "Amosi!" na kanisa likayamwaga maji, wakubwa kwa wadogo, miguu ikipiga sakafu. Wanangu, wote walikuwa nayo! Miaka yote aliyowasimamia mbele, wao waliiweka vifuani bila kujua. Akasema, "Isaya!" wakainua mabonde, na walipofika mahali pa kushusha milima, mzee akageuza shingo, mbele ya kanisa zima, akanitazama mimi kwa tabasamu lake lililopinda. Mama Furaha, ambaye Kiingereza chake ni cha dukani, alikuwa analia na kucheka na kuniuliza kwa mikono kuna nini.

Hotuba ile inaishia kwenye wimbo wa zamani wa watumwa. Nilipomuuliza zamani kule bafuni mama wa huo ni nani, Dikoni aliniambia ni wale wale wasio na majina. Kwa hiyo hapo hakukuwa na jina la kuita. Alisimama mdomo wazi. Mimi niliyeshika mkanda nilihisi anavuta pumzi kutoka mbali. Akaimba. Kiharusi kinachochukua maneno mara nyingine husahau kuchukua nyimbo, ndiyo maana nawaambia waimbieni wagonjwa wenu, hata kama sauti zenu ni kama zangu. Aliuimba mstari mzima, maneno yamenyooka, na safari hii kanisa lilinyamaza, hakuna aliyetaka kumwondolea mdomoni.

Dikoni aliishi akaona Januari nyingine baada ya ile, na hakuna aliyethubutu tena kumtafutia mtu wa badala. Sasa amepumzika. Denise hunipigia simu hapa Buffalo kila mwaka baada ya ibada hiyo, ananiambia nani aliita na nani aliitikia. Kwa watu hao, kwa Bi Loretta, kwa mke wangu na mchi wake, mimi ni mtu aliyeshukuru na bado hajamaliza.

Lakini nimeruka yaliyotokea ndani ya gari siku ile.

Denise alikuwa anaendesha, Mama Furaha kando yake, mimi na Dikoni nyuma. Nilidhani amelala. Akanigusa goti. "Musa," akasema. Halafu akatafuta, nami nikangoja. "Mama?"

Katika nchi hii nimeulizwa natoka wapi, nafanya kazi gani, nina karatasi gani. Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Mama yangu nilimwacha kaburini nyuma ya kilima siku tulipokimbia, bila hata jiwe la alama, na jina lake lilikuwa halijapita mdomoni mwangu kwa siku nyingi. Nikasema, "Nyiramahoro." Akainua kidole: endelea. "Alizaliwa na Nyirabagenzi." Kidole. "Naye na Nyirabukara." Kidole tena. Wanaume wa kwetu tunajua ukoo wa baba, lakini mama alinifundisha na wa kwake, wakati akitikisa maziwa kwenye kibuyu. "Naye na Nyamvura, aliyezaliwa siku ya mvua."

Hapo kidole kikashuka. Wake walikuwa wameishia kabla ya hapo, mnakumbuka. Akanifanyia ishara nirudie hilo la mwisho. Nikarudia. Akalitafuna polepole kwa mdomo wake mbovu, "Nya... mvu... ra," mpaka likakaa sawa. Kisha akaweka mkono wake mzima kifuani, akaniuliza, "Wangu?"

Kwetu mtu mzima akikuomba ng'ombe kwa heshima humnyimi, na tangu siku hiyo ninyi ni ndugu. Ng'ombe sikuwa naye. Niliupokea ule mkono kwa mikono miwili, kama nilivyofundishwa na mama, nikamtazama machoni, kama nilivyofundishwa na Bi Loretta, nikamwambia, "Wako."